Huruma ya Barazani

Vijana wa nyumbani kwangu waliniomba niwafasirie kanuni za Dungeons & Dragons, mchezo wa masimulizi na dadu uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Katika toleo lile la mwanzo, mpiganaji huvaa deraya, hushika silaha aitakayo, na hupiga bila ya ukomo. Mwanamazingaombwe (neno mchawi nililiepuka, kwani kwetu limebeba uovu) hana deraya wala silaha ila jambia. Na kila uganga aliouhifadhi, akishautumia, humtoka.

Vijana waliiona kanuni hii kali, wakatunga yao: kila baada ya pambano, mwanamazingaombwe apumzike kidogo na arudishiwe uganga wake wote. Waliifanya kwa huruma. Tangu hapo kila mlango ukafunguliwa na yeye, na kila adui akaangushwa na yeye. Binti aliyecheza mpiganaji alibaki akizungusha dadu mkononi, haulizwi neno. Wiki ya tatu hakuja.

Upanga wake haukuguswa, wala nguvu zake hazikupunguzwa. Kilichoondolewa ni uhaba wa mwenzake, na nafasi yake ilikuwa ndani ya uhaba ule. Sisi tunaotunga kwa mizani twalijua hili: ukikirefusha kipande kimoja, utakitia kilema na kile ambacho hukukigusa.

Baraza ina haki ya kujitungia kanuni. Lakini kabla ya kumtua mmoja mzigo, na itazame ni nani aliyekuwa akipata riziki kwa mzigo huo.