Nywila za Watu

Niliziweka nywila za wateja kwenye kompyuta ya dukani kwangu bila kuwauliza. Hakuna aliyenituma. Mwanafunzi akija kujaza fomu ya chuo au ya mkopo, kivinjari kiliuliza kama kihifadhi nywila yake, nami nikabofya "Hifadhi". Nilijitetea kwamba nawasaidia, maana wengi husahau. Ukweli ni kwamba nilitaka foleni isogee haraka.

Siku moja binti mmoja alianza kuandika barua pepe yake. Herufi ya kwanza tu, ikashuka orodha ya anwani za watu. Akagusa isiyo yake, nywila ikajijaza, akabofya kuingia. Ukafunguka ukurasa wa kijana mwingine: jina kamili, namba ya mtihani, simu ya mzazi, hata sahihi.

"Kaka, huyu ni nani?"

"Mtandao tu huo umechanganya, mdogo wangu."

Nilimdanganya. Mtandao haukuchanganya kitu. Kivinjari kilitii nilichokiagiza.

Usiku ule nilifungua mipangilio, sehemu ya nywila. Zilijipanga tovuti kwa tovuti. Ukibofya alama ya jicho, unaisoma nywila ya mtu herufi kwa herufi. Kompyuta yenyewe haikuwa na nywila, kwa hiyo yeyote aliyeketi pale angeweza kuzisoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka mtu aelezwe taarifa zake zinapokusanywa. Mimi sikumweleza yeyote.

Nilizifuta zote, nikazima kuhifadhi nywila na kujaza fomu kiotomatiki. Sasa kila mteja namfungulia dirisha la mgeni: likifungwa, historia na vidakuzi vinaondoka nalo. Faili alizopakua hubaki kwenye folda, kwa hiyo nazifuta mbele yake, hadi kwenye pipa la kompyuta. Kazi inachelewa kidogo, na ndivyo ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo.

Niliokuwa na namba zao niliwapigia, nikawaeleza nilichofanya na kuwasihi wabadilishe nywila. Mmoja alinifokea, na alikuwa na haki. Wengine sikuwapata, na kufuta kwangu hakuwalindi ikiwa kuna aliyekwisha kuzisoma. Nawaomba radhi. Kama uliwahi kujaza fomu kwenye kompyuta ya duka, badilisha nywila hiyo leo, na kila mahali pengine unapoitumia. Nawe mwenye duka kama mimi, fungua mipangilio kabla mteja wa kesho hajaketi.