Chombo Kilichokataa Kugeuka

Masese, kando ya mji wa Jinja, siku huanza ufukoni. Kabla jua halijachomoza wanawake huwa wamekwisha kusimama na mabeseni yao, wakingoja mitumbwi iliyovua dagaa usiku kucha kwa taa. Dagaa hao huko huitwa mukene. Mmoja wa wanawake hao, mjane wa makamo, alikuwa na jambo jingine la kungojea: mwanawe wa kwanza, fundi seremala, ambaye alikuwa ametoweka ziwani na akiba yake yote.

Akiba hiyo haikuibwa. Ilikuwa imegeuzwa chombo. Mgeni mmoja alipokuwa akirejea kwao aliuza kwa bei nafuu katamarani ndogo, yaani vyombo viwili vyembamba vilivyounganishwa kwa boriti, na turubai imetandazwa katikati. Neno lenyewe asili yake ni Kitamil, lugha ya kusini mwa Bara Hindi, na maana yake ni magogo yaliyofungwa pamoja. Kijana alipokiona alipiga hesabu upesi: mashine ya mtumbwi hunywa petroli, ilhali upepo haudai senti. Angevuka kwenda vijiji vya kusini ya ghuba, akapakie nyanya na viazi vitamu, na kurejea Masese wanunuzi wangali sokoni.

Hesabu ilikuwa njema, ila upepo haukuulizwa. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea bara. Usiku nchi hupoa, nao upepo hugeuka ukatoka bara kwenda ziwani. Mtu asiye na haraka hupelekwa na huo na kurudishwa na ule. Lakini mwenye nyanya hana nafasi ya kungoja adhuhuri. Hana budi kurudi asubuhi, upepo wa bara ukimpiga usoni, na hapo hapana njia ila kubisha: kwenda mshazari kulia, kisha mshazari kushoto, hata kufika.

Kila alipotaka kugeuka, chombo kilikataa. Kilikwenda nusu ya mzunguko, omo ikaelekea upepo unakotoka, kikasimama. Matanga yakapigapiga kama nguo kambani. Halafu kikaanza kurudi kinyumenyume, polepole, mpaka kwenye mafunjo. Katika asubuhi moja alikwama hivyo mara nne, akafika pwani saa tano, nyanya za chini zimekwisha kupondeka.

Wala kukokotwa ovyo katika ghuba ile si mchezo. Mwaka 2020, ziwa lilipojaa kupita kiasi, kisiwa cha mafunjo kinachoelea kilisukumwa hata kwenye bwawa la Nalubaale, lile lililofunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls, kikaziba mitambo na umeme ukakatika sehemu kubwa ya nchi. Kitu kinachoelea bila nguvu yake mwenyewe huenda kinakopelekwa.

Mama hakupiga kelele. Jioni alipokuwa akichambua mchele alisema, "Mwanangu, mimi sina ugomvi na upepo. Lakini zile zilikuwa ada za mdogo wako. Muhula ukifunguliwa, mwalimu hatauliza habari za upepo. Yuko mtu anakitaka chombo hicho. Jumamosi atakuja kukitazama."

Ilikuwa Jumatano. Kijana alikwenda kwa mzee mmoja jirani, mzaliwa wa Pangani, ambaye ujanani alikuwa baharia kabla ya kuhamia bara na kuoa Jinja. Mzee alikubali kupanda, kwa sharti kwamba wote wawili wavae jaketi za kuokolea; ujuzi wa kuogelea, alisema, haumzuii mtu kuchoka.

Shauri lake la kwanza halikufaa, na yafaa lisemwe kwa sababu lilitoka kwa mjuzi. Ngalawa ya pwani ina tanga moja kubwa lililofungwa kwenye foromali, na foromali hiyo lazima ihamishwe mbele ya mlingoti kila chombo kinapobadili upande. Kwa hiyo mabaharia wengi huona heri kuzunguka kwa kuupa upepo mgongo. Walifanya hivyo. Chombo kiligeuka vizuri mno, lakini duara lilikuwa kubwa, na walipomaliza walijikuta pale pale walipokuwa robo saa iliyopita.

"Hiki si ngalawa," mzee alikiri. "Haya, fanya kama ulivyozoea, nikuone." Alitazama, kisha akacheka. "Kana unaisukuma kama mtu afukuzaye mbwa!"

Kosa lilikuwa hapo. Mashua nzito hubeba mwendo wake, hata ikielekea upepo huendelea kuteleza hadi upande wa pili. Katamarani ni nyepesi, na mwendo wake hufa mara moja. Tena ina maganda mawili marefu yaliyonyooka, nayo hayapendi kupinda, na lile la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Usukani ukikazwa kwa ghafula haugeuzi chombo. Huyazuia maji, ukawa breki.

Basi siku mbili zile walijifunza upya. Kwanza, mwendo. Kijana alikuwa na tamaa ya kuuelekea upepo mno, akidhani anafupisha njia, kumbe chombo kilikuwa kimekwisha kulegea kabla ya kugeuka. Alikiachia kidogo kipate kasi. Pili, alingoja mahali pa maji matulivu baina ya mawimbi. Ndipo akasukuma kana taratibu, akiongeza kadiri omo inavyozunguka, huku demani, ile kamba ya kuvutia tanga kubwa, akiishikilia imekaza. Uzito wakausogeza tezi kidogo ili omo ziwe nyepesi.

Sehemu ngumu ilikuwa mikono ya mzee. Yeye alishika kamba ya tanga dogo la mbele, na kila mara aliifungua mapema, kwa mazoea ya utaratibu. Tanga hilo lapaswa kuachwa upande wa zamani, upepo ulijaze kinyume na kuzisukuma omo zipite. Zikishapita ndipo lifunguliwe na kuvutwa upande mpya. Tanga kubwa nalo hulegezwa omo zinapovuka upepo, kwani likikazwa litazirudisha zilikotoka. Chombo kikianza kwenda, huvutwa tena.

Ijumaa alfajiri kijana alirudi na makreti sita ya nyanya. Aligeuka mara saba. Mara ya tano wimbi lilimpiga omoni, chombo kikasimama, matanga yakapigapiga. Hakushindana nacho. Alilegeza demani, akakiacha kirudi nyuma. Chombo kikirudi nyuma, usukani hufanya kazi kinyume: alitaka omo ziende kulia, akaipeleka kana kulia, na mzee akalishika tanga dogo kushoto lishike upepo. Omo zikaanguka kulia. Akanyoosha usukani, akavuta demani, wakaenda.

Walifika saa moja na nusu. Wanunuzi walikuwa wangali wakibishana bei ya samaki. Mama aliingia majini hadi magotini, akapokea kreti moja baada ya jingine, akaonja nyanya moja, akamwuliza mzee kama amekunywa chai. Kisha akamwambia mwanawe kwamba kreti la mwisho limelowa, na kesho alifunike kwa turubai.

Kesho ilikuwa Jumamosi.