Umeme Unaobaki Baada ya Kuzima

Nyumbani mwetu mna amplifaya ya valvu iliyoundwa kwa mikono, na wageni wanaoiona huuliza mambo mawili: mbona ina vioo, na mbona ina moto? Swali lenye uzito hawaliulizi, nalo ni hili: ikishazimwa, imezimika kweli? Twaandika haya kwa ajili ya swali hilo, kwani twasikia vijana wengine mtaani wameanza kukusanya vyombo vya kazi hii, na mama zao hawajui ni kitu gani kilichoingia ndani.

Valvu ni chombo cha kale. John Ambrose Fleming wa Uingereza alitengeneza ya kwanza mwaka 1904, na Lee de Forest wa Marekani akaongeza wavu mdogo ndani yake mwaka 1906. Siri yote i katika wavu huo. Sauti dhaifu ikifika pale huzuia au huachia mkondo mkubwa unaopita, kama mkono wa mtoto unavyoweza kufungua na kufunga bomba kubwa la maji. Wazee wetu walikuwa nazo katika redio zao za mbao, zile zilizongoja zipate moto kwanza ndipo ziseme. Transista ilipovumbuliwa mwaka 1947 ilizisukuma kando pole pole, lakini wapenzi wa muziki hawakuziacha, na hadi leo zaundwa Slovakia, Urusi na China.

Kijana wetu alipoleta wazo la kuunda yake, nyumba iligawanyika. Bibi yake aliona ni mchezo wa kuteketeza fedha. Mjomba wake, ambaye ujanani alikuwa fundi wa redio, alitutisha zaidi. "Mimi redio ilinitupa ukutani," alisema, "na plagi yake nimeichomoa mwenyewe."

Hapo ndipo sisi wanawake wa nyumba tulipoketi tukataka tuelezwe. Valvu aliyoichagua kijana, EL84, hufanya kazi kwa volti 250 hadi 300. Transfoma hupandisha umeme wa ukutani, dayodi huunyoosha, kisha kapasita huuhifadhi ili utoke kwa utulivu. Basi kapasita ni mtungi. Ukifunga bomba, maji yaliyomo mtungini hayatoki kwa kuwa umefunga bomba. Volti 300 zaweza kukaa mle kimya kwa muda mrefu, hakuna taa inayowaka wala sauti inayosikika, na zinatosha kuua. Mtoto hawezi kuyajua hayo kwa kutazama, na mtu mzima hali kadhalika.

Tulikubali, kwa masharti. Mjomba alimfundisha kijana kufunga rezista ya kiloomu 220, yenye kustahimili wati 2, sambamba na kapasita ya mikrofaradi 100. Rezista hiyo ni tundu dogo chini ya mtungi: kila amplifaya izimwapo, umeme huvuja kupitia kwake, na baada ya dakika mbili hivi huwa umebaki kidogo sana. Hata hivyo rezista yaweza kukatika, kwa hiyo mkono haugusi kitu kabla ya testa kuthibitisha. Na akilazimika kupima chombo kikiwa na umeme, mkono mmoja hukaa mgongoni, ili mkondo usipate njia ya kupita kifuani kutoka mkono hadi mkono. Wala kazi hiyo haifanywi mtu akiwa peke yake nyumbani.

Sanduku la alumini nalo lazima lifungwe kwenye waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano. Ndugu wasomaji, hapa twaomba mtulie kidogo. Katika nyumba za zamani si ajabu kukuta soketi yenye tundu la tatu ambalo nyuma yake hamna waya wowote. Kwetu ilikuwa hivyo katika chumba cha nyuma. Tulimwita fundi wa umeme, na gharama yake ilimuuma baba wa nyumba kuliko ile ya valvu, lakini soketi hiyo ndiyo tunayochomekea pasi pia.

Jikoni tulikuwa na sharti letu wenyewe. Waya wa kulehemu aliokuwa nao kijana ni bati asilimia 60 na risasi asilimia 40, na risasi ni sumu kwa watoto na kwa mama mjamzito. Kwa hiyo ubao wa kusukumia chapati haukaribii kazi hiyo, dirisha huwa wazi, na mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kushika chakula.

Jambo ambalo hatukulitarajia ni binti yetu. Vidole vyake vimezoea kudarizi kofia, na kiungo alicholehemu yeye hung'aa pasipo donge. Ndiye aliyesokota nyaya za kupashia valvu moto, mbili mbili, zikabana kama kamba, kwani umeme wetu hugeuka mara 50 kwa sekunde, na nyaya hizo zikilegea spika hunguruma. Kaka yake alisokota upande mmoja. Upande huo ulifumuliwa.

Sauti? Ni wati 5 kasoro au zaidi kidogo, haifai arusi hata ya uani. Wapo wanaoapa kwamba valvu ina utamu usio na mfano. Sisi twasema udi na sauti ya mwimbaji husikika vizuri mno, ngoma hufifia, na chumba hupata joto ambalo Mombasa haina haja nalo.

Jirani ameomba mwanawe aje ajifunze. Tumemjibu kwamba anakaribishwa, ila kwanza waangalie soketi za kwao.