Samadari ya Mkomani

Msafiri atokaye Mombasa huteremka Mokowe akiwa amechoshwa na saa nyingi za basi, akapanda mashua, na punde si punde mji wa Lamu humtokea mbele ya macho: safu ya nyumba nyeupe ukingoni mwa maji, na nyuma yake vichochoro ambavyo punda ndiye mwenye haki ya njia. Wageni wengi hukimbilia ngome, iliyomalizwa kujengwa mnamo 1821, au makumbusho ya Nyumba ya Waswahili. Ni ziara njema. Lakini nyumba ya makumbusho haina mtoto aliaye wala chungu kilicho motoni, na wasomaji wetu, ambao wengi wao ni mama wenye nyumba, wangependa zaidi kuiona nyumba inayokaliwa. Mwezi wa Rajabu tulijaaliwa kuingia moja katika mtaa wa Mkomani, ikiwa inatengenezwa kwa ajili ya harusi.

Mwenyeji wetu ni mjane wa makamo. Nyumba ni yake mwenyewe; alipewa na babake alipoolewa, kwa desturi ya kale ya mji huu ya baba kumpa binti nyumba, au kumjengea ghorofa juu ya nyumba ya mamake, na bwana harusi ndiye ahamiaye. Sasa zamu imemfikia bintiye. Ukipita darini huona jinsi desturi hiyo ilivyoujenga mji: nyumba zimepandana, nyingine zimeunganishwa kwa wikio juu ya kichochoro, hata akina mama wakaweza kutembeleana bila kushuka njiani.

Kazi ilianza kwa kubomoa, na kilichobomolewa si cha zamani bali ni kipya. Miaka kadhaa nyuma kuta za ndani zilipigwa plasta ya saruji ili zionekane za kisasa, na zidaka mbili zikazibwa kupata mahali pa televisheni. Mawe ya matumbawe yana unyevu na chumvi ndani yake. Chokaa huuachia unyevu huo utoke polepole. Saruji huuzuia, nao hutafuta njia, ukuta ukavimba na kumenyuka kama ngozi iliyoungua. Mafundi wameing'oa saruji yote na kurudisha chokaa. Tazama pia upana wa vyumba. Ni virefu lakini vyembamba, mita tatu hivi, kwa kuwa dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuzidi kimo chake. Ndiyo maana seti za makochi manene zinazoletwa kutoka Mombasa huonekana zimekwama humu kama ng'ombe kichochoroni. Msana ulijengewa kitanda cha kamba, mkeka na kiti, na mwenye macho hulitambua hilo mara moja.

Ugomvi wa aila ulikuwa juu ya samadari. Ni kitanda kirefu cha msaji chenye miguu iliyokerezwa na vipande vya vioo vyenye maua kichwani, na kwa miaka mingi kilikuwa stoo, kimepakwa rangi ya mafuta ya kijani. Akaja mnunuzi wa vitu vya kale, akataja bei. Kijana mkubwa wa nyumba akafurahi.

“Mama, kwa pesa hizo tutanunua kitanda kipya na kabati, na nyingine zibaki za karamu.”

“Mwanangu, karamu ni ya siku tatu,” mamake akamjibu. “Dada yako atalala wapi siku ya nne?”

Haikuwa rahisi kama inavyosikika, kwani biharusi naye hakukitaka. Kitanda kinalia, alisema, ni kirefu kukipanda, na godoro la dukani halikienei. Tena akauliza kwa nini yeye ndiye alazimishwe kuishi makumbusho ilhali wenzake wana bafu la maji ya moto. Nami naona alikuwa na haki kwa kila neno. Mtu akiambiwa autunze urithi kwa kujinyima, ataukimbia, na mnunuzi yuko mlangoni anamngojea. Baada ya siku kadhaa za kununiana wakapatana: kitanda kitabaki, ila kitatengenezwa sawasawa, na bafu litajengwa upya.

Fundi wake alipendekezewa magadi makali ya kuyeyusha rangi, akakataa. Yanausawijisha msaji na kuzifumua nyuzi zake. Alikwangua kwa kipande cha kioo kilichovunjika, kidole kwa kidole, akafuatisha kwa msasa. (Wazee wanakumbuka kwamba msasa ulikuwa jani la mti kabla haujawa karatasi ya dukani.) Chini ya kijani ilikuwapo hudhurungi, na chini ya hudhurungi mti wenyewe, mwekundu kama asali ya zamani. Dumuzi walikuwamo, lakini msaji hawakuugusa. Walikula mbao za msunobari alizopachika fundi fulani wa baadaye. Hizo zimetupwa. Viungo vilivyolegea vimekazwa kwa vigingi vya mti badala ya misumari, na kilio cha kitanda kimekoma. Mwisho kimepakwa mafuta ya kitani, tabaka nyembamba, kila moja ikaachwa ikauke. Mafuta ya nazi, ambayo wengi wetu huyakimbilia, hayakauki; hushika vumbi na kuvunda. Sifa nayo ni ya jahazi, si ya chumba cha biharusi.

Godoro limeshonwa kwa kipimo, la sufi. Kasha la bibi halikuhitaji mengi: njumu za shaba zilisuguliwa kwa ukwaju, ndani likafukizwa udi, na leo limejaa kanga.

Bafu limekamilika, lina maji ya moto na sakafu isiyoteleza. Birika la zamani limeachwa pembeni na samaki wake wadogo walao viluwiluwi vya mbu. Nyaya za umeme zimepitishwa pembezoni mwa boriti bila kuchimba kuta, na jiko limebaki juu, ambako moshi hauna wa kumuudhi. Televisheni imewekwa juu ya kasha.

Harusi imepangwa Mfungo Mosi, inshaallah. Mguu mmoja wa samadari ungali kwa fundi. Ulikuwa umepasuka, naye anangoja kipande cha msaji mkavu kutoka jahazi lililovunjwa Matondoni.