Mkebe wa Biskuti wa Kisarawe

Katika miaka thelathini ya utumishi wangu mjini Kibaha nimeandika makabrasha ya zabuni ya kila namna, ya madawati na ya matairi, ya ulinzi na ya karatasi, walakin hakuna lililonitoa jasho kama lile la mwaka 2014, la kumtafuta mtu wa kuirejesha mifumo yetu ya kompyuta pindi maafa yatakapotushukia. Sababu yake ilikuwa masika ya Aprili, ambayo yaliharibu barabara na madaraja ya Pwani na Dar es Salaam, na ambayo kwa upande wetu yalipenya dari la chumba cha seva usiku wa Jumamosi, hata Jumatatu tukakuta maji yamefika vifundoni na mashine zimenyamaza.

Nami, kwa ujuba wa mtu aliyeizoea kazi yake, nilichukua kabrasha la zamani la kununulia kompyuta, nikabadili kichwa chake, nikaorodhesha seva, diski, jenereta na betri, nikaambatisha masharti ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2011 na Kanuni zake za 2013, nikaona nimemaliza. Kijana wetu wa TEHAMA alilisoma, akanirudishia likiwa na swali moja la penseli pembeni: "Baada ya saa ngapi?"

Sikulifahamu. Akanieleza, kwa adabu ya mdogo kwa mkubwa, kwamba mzabuni hana budi aambiwe ofisi yaweza kuvumilia muda gani bila mfumo, na kumbukumbu za siku ngapi tuko radhi zipotee, kwani asipopewa hesabu hizo mbili atatuuzia alichonacho dukani.

Nikashika daftari, nikapita idara kwa idara. Aghalabu walinijibu kwa kujisifu, kwamba kwao hata dakika moja ni nyingi, ilhali wiki nzima ya mafuriko niliwaona kwa macho yangu wakinywa chai. Jibu la kweli nililipata kwa mhasibu, mama aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Alivuta mtoto wa meza, akatoa kauntabuku ya jalada lililochakaa, iliyopigwa mistari kwa rula na wino mwekundu, akaniambia: "Mdogo wangu, siku za kawaida nitakwenda na hii hata siku tano. Lakini siku ya mishahara, ikigonga saa nne asubuhi mashine haijarudi, usinitafute ofisini." Tangu saa moja na nusu, tunapofungua, hadi saa nne yake: ndio muda nilioutia katika kabrasha.

Ikabaki Kisarawe. Tulikuwa na tawi dogo huko, katika vilima vya Pugu, na kila Ijumaa dereva alipeleka diski ya nakala rudufu, jambo nililokuwa nimeliandika kwa fahari. Kijana akashauri twende tukazione. Mtunza ghala alitoa kabatini mkebe wa biskuti, na ndani yake diski tatu zilizoviringishwa kwa kipande cha kanga, hazina hata chembe ya vumbi. Ya kwanza haikusomeka. Ya pili ilikuwa tupu. Ya tatu ilifunguka, na faili lake la mwisho lilikuwa la Agosti ya mwaka uliotangulia. Dereva hakuwa na kosa: alipewa mkebe, akaufikisha.

Usiku ule nilifuta kurasa saba za orodha ya vyombo, nikaandika sharti kwamba kila baada ya miezi mitatu mtoa huduma aurejeshe mfumo mzima wa mishahara kutoka katika nakala, mbele ya mhasibu, saa ikiwa mezani, na asilipwe mpaka mhasibu atie saini. Mintarafu ya Kisarawe tulibishana sana, hata tukakubaliana kwamba mvua iliyotuzamisha Kibaha haishindwi kutufungia na njia ya huko, basi nakala ya tatu ikae nje ya Pwani na Dar es Salaam.

Mzabuni mmoja aliomba ufafanuzi, iwapo saini ya mhasibu yaweza kubadilishwa kwa ya mhandisi. Nikamjibu kwa maandishi, nakala kwa wazabuni wote, kwamba haiwezekani.