Ulibeba Nini Mkononi?

Leo nataka kukuambia jambo ambalo bado sijalisema madhabahuni, kwa sababu linanihukumu mimi kwanza.

Mwaka jana nilialikwa kuhudumu Lusaka, Zambia. Jioni moja kabla ya safari, mama mmoja wa kanisa letu alikuja nyumbani na kifurushi kidogo. Ndani mlikuwa na sweta ya mtoto mchanga aliyoifuma kwa mikono yake, na macho yake yenyewe siku hizi hayaoni vizuri. Binti yake ameolewa huko, na alikuwa amejifungua mjukuu wa kwanza. Akaniambia, "Pasta, nakuamini. Nifikishie." Nikamjibu, "Mama, hesabu kama imeshafika."

Usiku nikafunga mizigo. Nilijua tutabadilisha ndege njiani, na mahali pa kubadilisha ndipo mizigo hupenda kuachwa. Kwa hiyo suti yangu, viatu vya kuhubiria na daftari la mahubiri nikaviweka kwenye begi la mkononi. Likajaa. Sweta ya mama nikaisukuma ndani ya begi kubwa.

Lusaka nilisimama kando ya mkanda wa mizigo mpaka ukazimwa. Begi halikutokea. Unajua neno la kwanza lililonitoka? "Asante Yesu, suti ninayo."

Kisha nikapewa fomu: taja vilivyokuwa ndani na thamani yake. Nikaandika shati, taulo, kanda mbili. Nilipofika kwenye sweta ya mtoto, kalamu ikasimama. Ningeandika shilingi ngapi? Sweta iliyofumwa na nyanya haina risiti.

Najua wengi wenu mnasafiri, wengine kwenda kazini Saudia na Qatar, kwa hiyo pokea na haya. Begi lisipotokea, usitoke uwanjani kabla ya kuripoti kwenye dawati la mizigo na kupewa nambari ya ripoti, ile wanayoiita PIR. Tunza kile kikaratasi cha nambari ulichopewa ulipokabidhi begi. Piga picha ya begi na vilivyomo kabla ya kusafiri. Ukilazimika kununua nguo na sabuni, weka risiti. Kwa safari nyingi za kimataifa, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unakulinda: begi lisipofika kwa siku 21, unaweza kudai kama lililopotea. Likifika limeharibika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7. Likifika limechelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipolipokea. Na dawa, pasipoti, pesa na vyeti visiingie kamwe kwenye begi kubwa.

Basi, siku 21 zikapita. Begi langu halikupatikana. Baadaye nikalipwa kiasi fulani, nikakibeba kwenda kwa yule mama. Njiani nilikuwa nimeshatunga maneno: "Mama, watu wa ndege walipoteza begi." Ni kweli. Lakini haikuwa kweli yote, na Roho Mtakatifu hakuniacha. Nikamwambia yote: nilichokipenda nilikishika mkononi, chako nikakitupa chini.

Alinyamaza. Akanimiminia chai. Mwishowe akasema, "Pesa rudisha mfukoni, Pasta. Nitafuma nyingine. Lakini hiyo utaibeba mkononi."

Mpendwa, fungua 2 Timotheo 4:13. Mtume Paulo yuko kifungoni, na anamwomba Timotheo amletee joho na vitabu alivyoviacha Troa kwa mtu anayeitwa Karpo. Huyo Karpo hatusomi kwamba alihubiri wala kwamba alifufua wafu. Tunamjua kwa jambo hili moja tu: mtume alimwachia vitu vyake. Kisha soma Luka 16:12 uone Bwana anavyosema juu ya mali ya mtu mwingine.

Tunahesabu uaminifu kwa sadaka na kwa saa za maombi. Lakini wewe umeachiwa nini cha mwenzako? Pesa za chama? Mtoto wa marehemu dada yako? Siri ambayo mtu alikuambia akilia? Je, umeiweka mkononi pamoja na suti yako, au umeisukuma kwenye begi ambalo hata likipotea utasema asante Yesu?

Bwana, tusamehe kwa amana tulizozibeba kama mizigo isiyo na mwenyewe. Tufundishe kushika cha jirani kama tunavyoshika chetu. Kwa jina la Yesu, amina.

Mwezi ujao narudi Lusaka. Sweta iko tayari, na mama ameiongeza ukubwa kwa sababu mtoto amekua. Niombeeni. Na kama kuna amana uliyoachiwa, andika AMINA hapa chini, kisha mpigie mwenyewe simu leo.