Banalia: mgeni kazini, muhogo na ngoma ya asubuhi



Wiki hii tunawapeleka Banalia, karibu kilomita 130 kutoka Kisangani, kwenye barabara ya kwenda Buta. Hapo barabara inakatwa na mto Aruwimi. Magari, pikipiki na akina mama wenye mizigo kichwani, wote wanangoja kivuko, na katika kungoja huko zinasikika lugha nyingi: Kiboa, Kingelima, Lingala, Kiswahili. Hicho Kiswahili hakikuzaliwa hapa. Kililetwa na watu waliokuja kufanya kazi mbali na kwao. Tunataka kuwapa habari za baadhi yao, kwa sababu leo katika nyumba zetu nyingi kuna mtoto aliyekwenda kutafuta maisha Guangzhou au Dubai, au anayeomba aende.

Mwaka 1887 Mwingereza Stanley aliandika kazini watu zaidi ya 600 huko Unguja. Walipakiwa melini, wakazunguka Afrika ya kusini mpaka mdomo wa mto Kongo, kisha wakapanda mto. Kazi yao ilikuwa kubeba mizigo ya safari ya kumtafuta Emin Pasha, gavana wa Equatoria. Mwezi wa 6 Stanley aliingia msituni na wenye nguvu. Wengine na mizigo mingi aliwaacha Yambuya, chini zaidi ya mto huohuo Aruwimi, chini ya Meja Barttelot, wangoje wapagazi walioahidiwa na Tippu Tip. Walingoja karibu mwaka mzima.

Chakula chao kilikuwa muhogo. Mama, ninyi mnaujua muhogo mchungu wa kwetu: una sumu. Tunaumenya, tunauloweka majini siku tatu au zaidi mpaka ulainike, tunauanika, tunautwanga, ndipo tunapika bugali. Huko pwani watu wamezoea muhogo mtamu, unachimbwa asubuhi na kuchemshwa mchana. Watu wa Unguja waliokuwa Yambuya waliula ule mchungu bila kuutengeneza vizuri, na wengine kwa njaa waliula mbichi. Waliharisha, wakakonda, wakafa mmoja baada ya mwingine. Magonjwa na viboko vya wakubwa viliongeza vifo.

Je, hapakuwa na wa kuwafundisha? Walikuwapo, ng'ambo tu ya boma. Wanawake wa vijiji vya mto walikuwa wanautengeneza muhogo huo kila siku, na watoto wao walikula wakanenepa. Lakini wakubwa wa kambi walikuwa wakiwakamata wanawake hao na kuwafunga mpaka ndugu zao walete chakula. Nani atamfundisha kupika mtu anayemkamata? Waliojua kazi hiyo walikimbilia msituni, na wasiojua wakabaki na sumu sahanini.

Mwaka uliofuata kundi lilisogea mpaka Banalia. Wapagazi wa Manyema walikuwa wamekuja na wake zao. Alfajiri ya tarehe 19 mwezi wa 7, 1888, mwanamke mmoja alipiga ngoma na kuimba, kama ilivyokuwa desturi yao kukipambazuka. Barttelot aliona ni kelele. Alituma mtu amnyamazishe, kisha akatoka mwenyewe na bastola. Mume wa mwanamke, jina lake Sanga, alimpiga risasi, akafa palepale. Baadaye Sanga alihukumiwa huko Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, naye akauawa. Stanley aliporudi Banalia tarehe 17 mwezi wa 8, alikuta zaidi ya nusu ya watu aliowaacha wamekufa au wametoroka.

Hatusemi kwamba kuua ni njia ya kutetea desturi. Tunaangalia mambo mawili tu, chakula na ngoma. Ni mambo madogo ya kila siku, mambo yanayoitwa ya wanawake, na hakuna aliyeyahesabu wakati wa kupanga safari ile. Walihesabu bunduki, nguo na baruti.

Leo pia Banalia inapokea wageni wa kazi. Kuna waganga, walimu, wachimbaji wa dhahabu na almasi, hata watu kutoka China waliokuja kutafuta dhahabu ya mto. Mgeni anayemwamkia mama wa sokoni, anayeuliza pondu inachemshwa muda gani, huyo haugui ovyo, tena hadanganywi bei. Nasi tuna deni kwake: tumwelekeze kabla hajapotea.

Kwa hiyo, mama, mtoto akisema anakwenda mbali, msiishie kwenye valizi na tiketi. Muulizeni: kule wanakula nini, na nani atakuonyesha namna ya kukitengeneza? Wanaamkiana vipi? Jirani akipiga ngoma yake alfajiri, utafanya nini? Mfundisheni kupika, wavulana pia. Anayejua kuuliza jikoni mwa wengine hafi njaa.

Na hapa nyumbani tusisahau muhogo wetu. Wakati wa vita au njaa watu wanapunguza siku za kuloweka. Huko Kwango na Kwilu, haraka hiyo imeleta ugonjwa wa konzo, ambao unapooza miguu ghafula, na haiponi tena. Wanaopatwa zaidi ni watoto na akina mama. Usiku mmoja majini hautoshi. Siku tatu ni tatu, hata kama watoto wanalia.

Katika mkutano wa wiki hii, kila mmoja amweleze mwenzake desturi moja ya kwao ambayo mgeni huiona ni kelele. Mbakie na amani.